Kabla ya Kompyuta, Mpigieni Mzazi Simu

Gunia la ufuta likitoka shambani kata ya Kiegei, wilayani Nachingwea, na kufika ghala la chama cha msingi, linapimwa, linaandikwa na kupewa stakabadhi. Kuanzia hapo mwenyewe anajua liko wapi mpaka siku ya mnada wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na mnada wenyewe siku hizi unapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Mtoto wa darasa la tano katika kata hiyohiyo akikosa shule Jumatatu, Jumanne na Jumatano, habari yake inabaki kwenye daftari la mahudhurio mpaka mwisho wa mwezi, mwalimu wa darasa anapoketi kujumlisha. Mara nyingi siku hiyo ya kujumlisha ndiyo siku shule inapojua kwa hakika kwamba mtoto ameiponyoka.

Msimamo wangu ni huu. Katika shule za Nachingwea na Ruangwa, kifaa cha kwanza cha kidijitali kinachostahili kugharimiwa ni simu ya kawaida ya vitufe, mali ya shule, yenye salio lililolipiwa na shule, na kazi yake ya kwanza ni kumtafuta mtoto asiyeonekana au aliyebadilika. Vishikwambi, maabara za kompyuta na masomo ya video vina nafasi yake, na nitaifikia. Lakini vikitangulia, vitamfaa zaidi mtoto ambaye tayari amefika darasani, ameshiba na hana linalomsumbua. Huyo ndiye aliyekuwa na shida ndogo kuliko wote.

Anayeijua kusini anajua kwamba utoro wa huku una kalenda. Mvua zikianza, familia nyingi huhamia mashamba ya mbali, hujenga kibanda na kukaa huko wiki baada ya wiki, na watoto wa shule huachwa kijijini na bibi, au na dada mkubwa ambaye naye ni mwanafunzi. Mei na Juni ni kuvuna ufuta. Kuanzia Oktoba ni kuokota korosho, kazi ambayo mtoto anaiweza kabisa na ndiyo maana anaitwa. Likizo za Juni na Desemba ni msimu wa jando na unyago, na ngoma zikichelewa kwisha, shule hufunguliwa huku wanawali bado wako ndani. Wapo wasichana wanaotoka unyagoni wakiamini kwamba utoto umekwisha na shule imekwisha pamoja nao. Katika vijiji vya Nachingwea na Liwale ambako tembo huingia mashambani, mzazi hamruhusu mtoto kutembea peke yake alfajiri, na siwezi kumlaumu. Kisha ipo njaa. Mtoto anayeitika jina lake asubuhi na kutoweka mchana kwa kawaida hajalikimbia somo, amekwenda kutafuta chakula. Walimu wengi huita majina mara moja tu, asubuhi, kwa hiyo njaa hii haionekani popote kwenye karatasi.

Sababu zote hizo, daftari linaziandika kwa alama moja: hayupo. Na kila sababu ina dawa yake. Aliyeachwa na bibi anahitaji mtu wa kumuuliza bibi kama ana nguvu ya kumwamsha. Aliyeko korosho anahitaji mazungumzo na baba kuhusu siku za Jumamosi. Aliyetoka unyagoni anahitaji mwalimu wa kike, tena mapema, kabla uamuzi haujakomaa nyumbani. Mwenye njaa anahitaji uji. Bila kuuliza hatuwezi kujua nani ni nani, na kuuliza kwa miguu katika kata yenye vijiji vilivyotawanyika humchukua mwalimu nusu siku kwa mtoto mmoja. Hapo ndipo simu inapoingia. Inafupisha muda kati ya kuona na kutenda, na muda huo ndio unaoamua.

Nieleze kwa nini. Mtoto wa darasa la tatu akikosa siku tatu ambazo wenzake wanafundishwa kugawanya, anarudi na kukuta ubaoni kitu asichokielewa. Akiulizwa, ananyamaza. Akicheka mmoja, limecheka darasa zima. Wiki inayofuata kukosa tena kunakuwa rahisi, kwa sababu sasa nyumbani kuna kazi na shuleni kuna aibu. Kwa mtazamo wangu utoro mwingi wa vijijini huanza kwa sababu ya nje, mvua au korosho, lakini hudumu kwa sababu ya ndani, yaani mtoto kuona haya kurudi. Ndiyo maana nakataa kutenganisha kujifunza na ustawi wa mtoto kana kwamba ni idara mbili. Simu iliyopigwa siku ya pili inamkuta mtoto ambaye bado anataka kurudi. Iliyopigwa siku ya ishirini inakuta uamuzi umekwisha kufanywa.

Namna ya kupiga ni kazi ya kujifunza. Mzazi wa kijijini akiona namba ya shule hushtuka: mtoto ameumia, au mchango unadaiwa. Mwalimu aanze hivi: “Shikamoo bibi. Ni mwalimu wa mjukuu wako, hakuna baya.” Bibi ataitika marahaba na pumzi itamshuka. Ndipo aseme: “Jana na leo hatukumwona, tukasema tukujulie hali. Mmeamkaje hapo nyumbani?” Asianze na “kwa nini hajaja”, kwa sababu swali hilo linataka utetezi na bibi atautoa, wa kweli au wa kubuni. Aliyejuliwa hali husema mwenyewe: miguu inauma, mama yake yuko shamba, mtoto hana sare kavu. Mazungumzo ya dakika tatu yanatosha. Yamalizike kwa jambo moja la kufanywa na siku moja ya kulifanya, na mwalimu aliandike pembeni ya jina.

Sizungumzi kwa hisia tu. Wakati shule zilipofungwa kwa ajili ya korona mwaka 2020, watafiti nchini Botswana walijaribu njia mbili kwa familia zaidi ya 4,500. Baadhi walitumiwa ujumbe mfupi wa hesabu kila wiki. Wengine walipata ujumbe huohuo pamoja na simu ya mwalimu ya takribani dakika ishirini. Waliopigiwa simu waliendelea vizuri zaidi kwenye hesabu, ilhali ujumbe peke yake ulisaidia kidogo mno. Jaribio hilo likarudiwa katika nchi nyingine, zikiwemo Kenya na Uganda, na simu ya mwalimu ikaonekana tena kuwa na manufaa. Kifaa kilikuwa kilekile katika makundi yote mawili. Kilichozidi ni sauti ya mtu.

Mfano wa Kisumu, Kenya, unanigusa zaidi kwa sababu unahusu fedha. Chini ya mradi wa kusoma ulioitwa PRIMR, shule ziligawanywa: kwingine vifaa vya kusomea walipewa wanafunzi wenyewe, kwingine vishikwambi walipewa walimu, na kwingine walipewa wale maofisa wanaozunguka kuwashauri walimu darasani. Makundi yote matatu yalipanda kwa kusoma zaidi ya shule zisizopewa kitu, na hapakuwa na tofauti kubwa kati yao. Tofauti ilikuwa kwenye gharama. Kifaa kimoja mkononi mwa mshauri wa walimu, anayehudumia shule nyingi, kilileta karibu matokeo yaleyale kwa sehemu ndogo ya fedha. Kenya ikaichukua njia hiyo nchi nzima kwenye programu ya Tusome kuanzia 2015. Miaka hiyohiyo serikali ya Kenya ilikuwa ikitekeleza ahadi ya kompyuta kwa watoto iliyotolewa kwenye uchaguzi wa 2013. Vifaa zaidi ya milioni moja viligawiwa kuanzia 2016, na shule nyingi zilibaki navyo kabatini kwa kukosa umeme, mafunzo au mtu wa kuvitengeneza. Sisi tuna afisa elimu kata, mtu ambaye kazi yake tayari ni kuzunguka. Tumpe nyenzo yeye kabla ya kufikiria kumpa kila mtoto.

Nachingwea, kuliko wilaya nyingine yoyote, haipaswi kuhitaji kukumbushwa jambo hili. Hapa ni mojawapo ya mahali Waingereza walipoleta matrekta kwa mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kuja huku, na kufikia 1951 mradi ukawa umeachwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Mashine zilitangulia, udongo na mvua vikaulizwa baadaye. Reli yenyewe iling'olewa miaka ya 1960. Lakini nchi hii ina kumbukumbu nyingine, na ningependa tuitaje mara nyingi zaidi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni mbili kwa redio. Redio peke yake isingechimba choo hata kimoja. Walifundishwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, kila kikundi kikasikiliza pamoja, kikasoma kijitabu, kikajadili, kisha kikaenda kufanya. Teknolojia ya wakati ule ilikuwa duni kuliko simu ya kitochi ya leo. Kilichoifanya izae ni yule mtu aliyekaa na kikundi baada ya kipindi kwisha.

Nikieleza haya napewa majibu ambayo sasa nayajua kwa moyo. La kwanza ni kwamba mtandao haupo. Ni kweli maeneo mengi ya kata hizi intaneti ni ya kubahatisha, na ndiyo maana sijapendekeza chochote kinachoihitaji. Sauti na ujumbe mfupi vinafika pasipofika video. Serikali ilitia saini mwaka 2023 mikataba ya minara 758 vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na kila mnara unaowashwa unaongeza idadi ya bibi wanaopatikana. Pale simu isipofika kabisa, mwenyekiti wa kitongoji hufika. Shida halisi iko kwenye namba. Aliyoandikisha baba Januari imebadilika kufikia Mei. Au ni ya mjomba aliyeko Mtwara mjini. Au mama hana simu, anatumia ya jirani. Kila mtoto aandikwe namba tatu, ya mzazi, ya anayelala naye na ya jirani, na zihakikiwe kila muhula unapofunguliwa. Bila orodha hiyo simu ni pambo.

La pili ni kwamba simu zinaharibu watoto, na kwa hiyo shule imezipiga marufuku. Marufuku hiyo inahusu simu ya mwanafunzi, na sina ugomvi nayo. Msichana wa kidato cha pili aliyenunuliwa simu na mtu mzima asiye ndugu yake yuko hatarini, na mwalimu anayeinyang'anya anaona mbali. Lakini hofu hiyo imevuka mpaka. Nimekutana na walimu wakuu wanaoona vibaya hata kishikwambi cha mwalimu kufunguliwa mbele ya darasa. Simu ya siri mfukoni mwa mtoto na kifaa cha shule kinachotumiwa mbele ya watu wote na mtu mzima mwenye dhamana ni vitu viwili vilivyo mbali sana.

La tatu ndilo gumu zaidi, nalo ni tumaini: kwamba kwa kuwa walimu ni wachache, hasa wa hisabati na sayansi, mashine itaziba pengo. Ushahidi wenye nguvu wa upande huu uko nchini mwetu wenyewe, mkoani Tanga. Kati ya mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2019, shindano la kimataifa la XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji takribani 170, wengi wao hawajawahi kukanyaga shule. Zaidi ya tisa kati ya kumi hawakuweza kusoma neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Ni mafanikio ya kweli, na washindi, onebillion na Kitkit School, walistahili zawadi yao. Lakini tazama kilichokuwapo: programu zilizotungwa kwa Kiswahili na kwa ustadi, vituo vya kuchaji kwa nguvu ya jua, watu wazima wa kijijini walioviangalia, na fedha ambazo halmashauri haina. Tena nusu ya wale wasiojua kusoma walibaki hawajui. Kifaa kilimfundisha mtoto herufi. Hakikujua kwamba ameacha kula. Kwa wale wanaosema akili unde ya sasa itajua, jibu langu halibadiliki: hata ikijua, lazima awepo mtu wa kwenda nyumbani.

Na la nne, kwamba takwimu tunazo tayari. Tunazo. Kila mwanafunzi wa msingi ana namba yake kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi. Mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofanya kazi Lindi pamoja na mikoa mingine, uliwapa walimu wakuu vishikwambi vya kuingizia mahudhurio kwenye mfumo wa taarifa za shule, SIS. Tatizo ni mwelekeo. Taarifa zinapanda kwa wilaya, mkoa na Dodoma, na zikifika huko majina yanageuka asilimia. Asilimia haina bibi wa kupigiwa simu. Ningeomba mfumo huohuo urudishe kitu kimoja tu chini kila Ijumaa: orodha ya majina ya waliokosa siku tatu, kwa mwalimu mkuu na afisa elimu kata.

Kuna matumizi mabaya ambayo lazima niyaseme waziwazi, kwa sababu yanaenea. Makundi ya WhatsApp ya wazazi yamekuwa mahali pa kubandika matokeo ya mtihani wa wiki, jina kwa jina, wa kwanza mpaka wa mwisho, na mara nyingine picha ya mtoto aliyefanya kosa. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha Januari 2023 kutangaza shule na wanafunzi kumi bora. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023. Mtoto wa mwisho kwenye orodha anaishi kijiji kimoja na kila anayeisoma. Kundi litumike kutangaza tarehe ya kufungua na kikao cha chakula. Habari ya mtoto mmoja iende kwa mzazi mmoja.

Simu itafichua mambo mazito pia, na shule isiyojiandaa itaumiza. Tangu Sheria ya Elimu iliporekebishwa mwaka 2016, kumpa mimba au kumwoa mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30. Adhabu hiyo ni kali, na kwa ukali huo familia nyingi huficha, hasa mhusika akiwa ndugu. Mwalimu akipiga simu kwa sauti ya askari, mlango unafungwa. Kila shule iwe na mwalimu wa unasihi wa kike na wa kiume wanaojua la kufanya kabla halijatokea: lini wamhusishe afisa ustawi wa jamii, lini Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na kwamba namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ni ya bure kwa mitandao yote. Hiyo 116 iandikwe kwa rangi ukutani, karibu na bomba la maji, mtoto aikariri bila kulazimika kumuuliza mtu. Aliyejifungua ajulishwe kwamba tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi. Wengi hawajapata kuambiwa na yeyote.

Nafasi ya vishikwambi sasa. Vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu, kwa hiyo kifaa tayari kipo shuleni. Mwalimu akienda mjini apakue vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania na vipindi vya Ubongo Kids, vilivyopo kwa Kiswahili tangu 2014, avihifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu na kuvitumia bila bando. Aanze na wale waliokosa. Nusu saa mara mbili kwa wiki, watoto sita kuzunguka kifaa kimoja na mwalimu katikati, wakirudia somo la kugawanya lililowapita, itaondoa aibu niliyoieleza hapo juu zaidi kuliko somo la video kwa watoto themanini. Sekondari kuna kovu jingine: mtoto anatoka darasa la saba kwa Kiswahili na kukuta kidato cha kwanza kila somo kwa Kiingereza. Kamusi yenye sauti kwenye kishikwambi, ikitumiwa miezi mitatu ya mwanzo, ni msaada mkubwa, na Januari hiyohiyo ndiyo ya kupiga simu kwa waliochaguliwa na hawajaripoti.

Gharama? Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 wa sekondari kwa mwaka. Shule ya msingi yenye watoto 400 ina haki ya milioni nne, kabla ya kuondoa sehemu ya vitabu. Salio la shilingi 10,000 kila mwezi ni 120,000 kwa mwaka, asilimia tatu ya fedha hizo. Leo mwalimu anapiga kwa fedha yake, kwa namba yake, na akipata uhamisho namba za wazazi zinaondoka naye. Halmashauri za Nachingwea na Ruangwa hukusanya ushuru wa mazao kutoka kwenye ufuta, mbaazi na korosho zilizovunwa, kwa sehemu, na watoto hawa. Sehemu ndogo ya ushuru huo inatosha kununulia kila shule simu moja na chaja ya sola.

Madiwani, bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai hupangwa mapema kuanzia Januari. Wekeni mstari wa salio la shule humo, uandikwe kwa jina lake, ili mkaguzi asiuhoji na mwalimu mkuu asiogope kuutumia. Na wewe mzazi, usisubiri Julai. Kesho mtoto akienda shule, mpe kikaratasi chenye namba yako, na ya jirani yako, akampe mwalimu wa darasa.